Aliwapa Maji

Ukifika ofisini kwake na kiu, ungebaki na kiu yako mpaka useme kilichokuleta. Hilo ndilo jambo la kwanza watu walilolisema juu ya Mama Chef, na walilisema kwa kunung'unika. Kwetu Kisangani mgeni akishakaa, maji huja kwanza, habari hufuata. Yeye aligeuza. Jagi la plastiki la buluu lilikuwa juu ya kabati, bilauri kando yake zimefunikwa kwa kitambaa cheupe, kila mtu anaziona. Mgeni alijifuta jasho, akayatazama maji, na Mama Chef akamtazama mgeni. "Sema kwanza, papa. Utakunywa kiisha." Nilimwona mkuu wa idara moja akimeza mate huku akitueleza habari za semina. Sisi wenyewe tulidhani ni ubahili, tena ubahili wa maji, katika mji ulio kando ya mto mkubwa namna ile.

Jina lake silitaji. Kazi yetu ilianza kwa kuondoa majina ya watu katika maandishi, na sioni kwa nini nimfanyie yeye tofauti. Sote tulimwita Mama Chef, hata waliomzidi umri, na yeye alituita papa na mama, hata mimi niliyeingia pale nikiwa sijaota ndevu za maana.

Aliongoza ofisi ndogo ya utafiti huko Makiso, juu ya duka la vitenge, katika barabara inayoteremka bandarini. Wakubwa wa jimbo au mradi fulani walipotaka kujua wananchi wanasemaje juu ya msitu, soko au ushuru, sisi ndio tuliotumwa. Tulikwenda, tukawahoji watu, tukarekodi, tukarudi kuandika kila neno. Kisha maandishi yote yaliingizwa katika programu ya kompyuta, na hapo kila kipande cha maneno kilipewa alama. Huyu analalamikia ushuru, unaweka alama ya ushuru. Yule anasema mtoto wake amefukuzwa shule, unaweka alama ya shule. Mwishowe ukibonyeza alama moja tu, maneno ya watu wa Yanonge, wa Isangi na wa Mangobo yanakuja na kujipanga mbele yako, na wewe unaandika ripoti. Kwa haraka, kazi yetu ni hiyo. Yeye hakuwahi kuieleza kwa haraka.

Aliipenda programu ile, tena aliijua kuliko sisi sote. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, na umeme wa bwawa la Tshopo ulipokatika, swali lake la kwanza lilikuwa kama tumehifadhi. Diski ya akiba aliifunga ndani ya kipande cha kitenge na kwenda nayo nyumbani Mangobo kila jioni, amekaa nyuma ya toleka, ile baiskeli yetu ya abiria, mikono yote miwili kwenye kifurushi. Siku moja mwendesha toleka alimuuliza amebeba nini kwa uangalifu hivyo, kama ni mayai. "Niko nabeba batu," akamjibu. Yule kijana alikanyaga pedali bila kuuliza tena.

Lakini alipomsikia mmoja wetu akisema "programu imeonyesha" au "programu imegundua", alikasirika. "Ile ni kabati," alisema. "Weye njo unapanga nguo, kabati inafunga mulango tu. Sasa unasema kabati imegundua?" Na ukimletea hitimisho lolote, hata liwe zuri namna gani, alinyoosha kidole kwenye skrini: "Onyesha mustari." Alitaka mstari wenyewe, maneno ya mtu fulani, mahali fulani. Kama huna mstari, ulirudi kwenye kiti chako.

Ilikuwa sheria kwamba hakuna maandishi yatakayopewa alama kabla ya kusomwa kwa sauti na watu wawili. Mmoja alikuwa muulizaji, mwingine mjibu. Tuliona aibu mwanzoni, watu wazima wenye digrii, tunasomeana kama watoto wa shule. Dirisha likiwa wazi, waendesha toleka waliokuwa wakingoja abiria chini walisikiliza, na wengine walitoa maoni. Nilikuja kuelewa faida yake taratibu. Maneno uliyoyasema kwa mdomo wako mwenyewe, huwezi kuyapa alama ya ovyo. Unasita.

Wakati mmoja tuliiruka sheria hiyo. Yeye alikuwa safarini, nasi tulikuwa nyuma ya ratiba, tukaiamuru programu itafute neno "barabara" na iweke alama yenyewe kila inapolikuta. Ikafanya kwa dakika chache. Aliporudi tukamwambia kwa furaha kwamba watu wa mtoni wanalia na barabara kuliko kitu kingine chochote, kuliko hata ushuru. Tulikuwa tumeshachora na picha ya rangi. Akasema, "Onyesha mustari." Tukafungua. Mstari wa kwanza: *Na barabara, papa, iko namna gani?* Wa pili ni huohuo. Wa tatu ni huohuo. Ni sisi tuliokuwa tukiuliza, kwenye kila mahojiano, na wao walijibu "iko mubaya" kisha wakaendelea na habari za samaki. Tulikuwa tumeandika ripoti nzima juu ya sauti zetu wenyewe. Alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akafuta machozi na hakutuachia twende nyumbani mpaka tuliporekebisha.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi. Kuna dada aliyekuwa mchapaji mzuri kuliko wote, alimfukuza kazi kwa sababu alimsoma mzee mmoja wa Isangi kwa sauti ya kuigiza, ili tucheke. Nilimwombea msamaha, nikaambiwa nikae. Halafu mama huyohuyo, aliyelinda maneno ya watu asiowajua kwa funguo na neno la siri, hakulinda hata siri moja ya kwetu. Ukimwambia asubuhi kwamba wakwe zako wameongeza mahari, mchana muuza vitenge wa chini anakupa pole. Nilimlalamikia. "Ile uliniambia ku couloir," akajibu, yaani koridoni, "haikuwa ku mahojiano." Kwake hiyo ilikuwa sababu ya kutosha, na pengine umbea huo ndio uliomfanya apumue.

Mchana alikula lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki kwenye sahani ya bati, mezani kwake, na hakuna aliyeruhusiwa kumpa karatasi wakati anakula. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana bila kujua.

Wageni wa kazi wote aliwafundisha kwa maandishi mamoja. Tuliyaita "ya mazoezi". Yalikuwa mahojiano na mama mmoja aliyekaa kando ya barabara kuu, jina limeondolewa, mtaa umeondolewa. Nitaeleza yaliyomo tu. Maneno yenyewe sitayaweka hapa, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Watu waliovaa vizuri walifika kwa mama huyo na karatasi za maswali. Akawapa viti, akawapa maji, kisha wakamuuliza ana vyumba vingapi, nani alijenga, karatasi za kiwanja ziko wapi. Akajibu yote, akaeleza hata kwamba marehemu mume wake alijenga kwa kupewa ruhusa ya mdomo. Wakashukuru, wakaondoka. Baadaye wengine walikuja na rangi nyekundu na kuchora msalaba ukutani, maana yake nyumba itabomolewa. Alipouliza sababu, walimwambia sababu ameitoa yeye mwenyewe.

Ilikuwa desturi mgeni asome sehemu ya mama, na Mama Chef asome ya muulizaji. Daima aliichukua hiyo ya muulizaji. Kisha tulibishana juu ya alama. Sehemu nyingine zilikuwa rahisi, lakini pale penye maji hatukupatana kamwe. Mmoja alisema alama iwe ukarimu. Mwingine akasema hapana, ni woga, maskini akiona karatasi anaogopa. Kuna ndugu mmoja aliyetoka chuo kikuu mwaka ule, akasema kwa kujiamini kwamba ni ujinga, mama hakujua haki zake. Mama Chef aliiweka karatasi yake ya maswali juu ya magoti. "Ujinga? Onyesha mustari." Ndugu yetu akatafuta, hakuupata. "Basi," akasema, "kama haujui juu ya nini alifanya, andika ile alifanya." Hivyo, kwa kuwa sababu yake hatukuijua, alama ile ikaitwa *Aliwapa maji*, na ikakaa katika orodha yetu kuu miaka yote, ikiwa na kipande kimoja tu chini yake. Kila tuliposafisha orodha tulitaka kuifuta, kwa kuwa alama yenye kipande kimoja haisaidii uchambuzi. Alikataa, na hakutoa maelezo.

Kulikuwa na desturi nyingine iliyotugharimu zaidi. Mwisho wa kila mahojiano tuliagizwa kumwambia mtu hivi: maneno haya ni yako, ni kwa ajili ya ripoti hii, na ukitaka kuyatoa, utatuambia. Ofisi nyingine husema hivyo pia. Yeye alirudi kuuliza. Rasimu ya ripoti ikikamilika, alipanda boti, akateremka mto mpaka kijijini, akakaa kwenye kigoda na kuwasomea watu yale waliyoyasema, kwa Kiswahili na Lingala, kabla ya wakubwa kuyaona.

Ndivyo tulivyompoteza mama wa Yanonge. Alikuwa muuza samaki wa moshi, na alitueleza jinsi ushuru unavyokusanywa pale gatini, nani anachukua, kwa maneno gani, saa gani. Ripoti nzima ilisimama juu yake. Nilikuwa pale kando ya kigoda siku aliposomewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Hakuna jina," nikamwambia. "Jina ni ya nini?" akasema. "Ku gati hii, mutu mwenye anasema vile ni miye peke. Batanijua. Mutoe." Mimi nilianza kumbembeleza. Mama Chef alinigusa mkono, akafunga karatasi. "Imetoka, mama," alisema, na mama wa Yanonge akatufungia samaki wa njiani.

Ofisini aliyafuta yeye mwenyewe, katika programu na katika diski. Ukifuta maandishi ya mtu, alama zake hubaki katika orodha, zikionyesha sifuri. Kulikuwa na alama zilizokuwa za yule mama peke yake. Nilinyoosha mkono nizifute, orodha ibaki safi. "Acha ikae," alisema. "Kulikuwa mutu hapa."

Ripoti ilitoka dhaifu. Mradi uliotulipa uliandika kwamba haukuona ushahidi wa kutosha, na haukurudi tena. Kazi zilipungua, tukatawanyika mmoja mmoja, mwisho akabaki yeye na jagi lake, kisha naye akakabidhi ufunguo kwa muuza vitenge. Nilimkasirikia. Nilikuwa na watoto wawili wadogo, na nilijiuliza kama mwanamke mmoja wa Yanonge anastahili ofisi nzima. Swali hilo bado linanirudia, na jibu linategemea siku niliyoamkia.

Nilipata kazi kwingine, katika mradi mkubwa wenye ofisi nzuri na jenereta. Mwaka jana wakaleta programu ya aina mpya. Hii haingoji mtu aweke alama. Unaipa maandishi yote, yenyewe inasoma, inapanga, inakujibu swali lako kwa sentensi zilizonyooka. Mkuu wetu, kijana mwenye adabu, alisikia kwamba kulikuwa na ofisi ndogo iliyohoji watu wa mtoni kwa miaka mingi, na kwamba maandishi yote yako katika diski moja iliyofungwa kwa neno la siri analolijua mama mmoja huko Mangobo. Alijua pia kwamba nilifanya kazi naye. Akaniomba niende.

Nilijua kwamba alipata kiharusi. Sikuwa nimekwenda kumwona, kwa sababu zile ambazo kila mtu huwa nazo. Nilimkuta barazani mchana, kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Maneno yalitoka polepole, lakini yalikuwa yaleyale. Binti yake alinitolea kiti. Ndani, juu ya meza, niliona jagi la buluu na kitambaa cheupe.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa. Kaa." Akanitazama muda mrefu. "Sema kwanza."

Nikasema yote: mradi, programu, diski. Alinisikiliza huku jicho moja likitoa machozi ya ugonjwa, na binti yake akiyafuta.

"Ile mashine mupya itasoma yote?"

"Yote, mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Siku moja. Labda hata nusu."

"Mbio vile." Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. "Na benye balisema, banajua?"

"Bado."

"Tulibaambia nini, ile siku?"

"Tulibaambia ni ya ile ripoti tu."

"Alors? Sasa?"

Nikaona aibu, kisha nikaona hasira, kwa sababu na mimi nilikuwa na neno langu. "Mama, tukiifunga, ile programu itasoma ya Kinshasa na ya fasi zingine. Batapanga mambo ya muto, batasema huku hakuna mutu alisema kitu. Balisema, mama. Tulibasikia."

Mtaani pikipiki zilipita, vumbi likapanda, likatua.

"Iyo pia ni kweli," alisema mwishowe. Nilimfahamu miaka mingi na sikumbuki siku nyingine aliyonikubalia kwa maneno hayo. Akamwambia binti yake alete kifurushi cha kitenge chumbani, kisha atoke kidogo. Akaniita karibu, akanipa neno la siri sikioni, herufi moja moja, akisimama kupumua. "Lakini hautapatia mutu kama haujarudia kwao. Moja moja. Mwenye amekufa, utauliza batoto yake. Mwenye anasema toa, unatoa."

"Nitaenda, mama."

"Anzia na yangu."

"Yako gani?"

"Ya mazoezi."

Nilidhani ugonjwa umemchanganya, nikafungua mdomo nimkumbushe kwamba ile ni ya yule mama wa kando ya barabara. Ndipo nikamwona tena ofisini, karatasi ya maswali juu ya magoti, miaka nenda miaka rudi akisoma sehemu ya muulizaji, na sisi tukibishana mbele yake: ukarimu, woga, ujinga. Aliketi akatusikiliza sote. Nilishindwa kumtazama, nikaitazama mikono yangu.

"Juu ya nini hukutuambia, mama?"

"Nilitaka mujifunze na mutu wa kweli. Kama mungejua ni miye, mungekuwa na heshima. Heshima haifundishe." Akapumua. "Sasa imetosha. Toa."

"Siku moja naweza kueleza ile ilitokea?"

"Ile ilitokea, eleza. Ukuta kila mutu aliona ikianguka. Maneno yangu, hapana. Nilibapatia mara moja."

Akamwita binti yake kwa kichwa. Maji yakaja katika bilauri iliyokuwa imefunikwa, baridi, imejaa mpaka ukingoni. "Kunywa sasa," alisema. "Umeshasema." Nilikunywa yote nikiwa nimeinamisha uso, na sikuona haya kwamba nilikuwa nalia.

Sikumwona tena akiwa hai.

Mkuu wetu alinisikiliza kwa adabu yake yote nilipomweleza sharti la Mama Chef, akasema anaheshimu, ila mradi una tarehe zake. Programu mpya ikasoma maandishi mengine, mimi nikabaki na diski na bila mkataba. Siku hizi nateremka mto na dada mmoja niliyefanya naye kazi zamani, tunatafuta watu kituo kwa kituo. Wengine wamekubali. Wengine wamesema tutoe, na tumetoa. Mzee mmoja wa Isangi alicheka, akaomba asomewe mara mbili, kisha akasema turekebishe, kwa kuwa siku ile alikuwa na njaa na hakusema vizuri.

Lakini nilianza na ya Mama Chef, kama alivyoagiza. Nilifungua programu ile ya zamani nyumbani, mchana, mlango wazi. Niliyasoma kwa sauti mara ya mwisho, sehemu ya mama na sehemu ya muulizaji, zote mbili mwenyewe, kisha nikafuta. Orodha ikajipanga upya. Dada yule alikuwa ameketi kando yangu, akaona alama moja imebaki katikati bila kitu chini yake, *Aliwapa maji*, sifuri.

"Hii iko tupu," alisema. "Tuifute?"

"Acha ikae," nikamwambia.